Nikalipe hela kwenda kuongea? Jinsi tiba ya mazungumzo inavyotibu sonona

Mtu akiambiwa ana sonona, na kwamba tiba ya kuanza nayo ni kukaa na mtaalamu wakazungumza, huuliza swali la haki kabisa: nikalipe hela kwenda kuongea? Watu wa kuongea nao ninao. Nina mama, nina shoga yangu, nina shehe au mchungaji, na kwenye kikoba chetu hakuna anayenyamaza. Kama maneno yangekuwa dawa, si ningeshapona?

Jibu ni kwamba tiba ya mazungumzo, pamoja na jina lake, haiponyi kwa kuongea tu. Mazungumzo ni mlango wa kuingilia kwenye kazi nyingine: kazi yenye hatua, yenye mwisho unaojulikana, yenye mazoezi ya kwenda kufanyia nyumbani. Na kazi hiyo imepimwa kwa namna ileile zinavyopimwa dawa. Watu wanagawanywa kwa kura, kundi moja linapewa, jingine halipewi, kisha baada ya miezi wote wanapimwa. Baadhi ya majaribio yaliyotoa matokeo ya kushangaza zaidi hayakufanyika Ulaya wala Marekani. Yalifanyika vijijini Rakai na Masaka nchini Uganda, na kwenye zahanati za mitaa ya Harare.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa kifupi. Kuwa na huzuni si kuwa na sonona. Madaktari wana orodha ya dalili tisa: huzuni isiyoondoka, kukosa hamu na mambo uliyokuwa ukiyapenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula na uzito kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona huna thamani na kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kutulia na kuamua, na kufikiria kifo. Ukiwa nazo tano au zaidi, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na moja kati ya hizo ikiwa ya kwanza au ya pili, na maisha yako yameanza kukwama, hapo ndipo daktari huita sonona. Kwetu wengi hawafiki hospitali wakisema wana huzuni. Wanakuja na kichwa kisichopona, kifua kinachobana, mgongo, ganzi, "mwili hauna nguvu". Wameshapimwa malaria, wameshapimwa taifodi, wamemeza dawa za zote mbili, na hali ni ileile. Nyumbani husemwa tu kwamba fulani siku hizi ana mawazo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaougua duniani ni zaidi ya watu milioni 280, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo ya akili hawapati tiba yoyote. Kwa hiyo kwa wengi wetu swali la "tiba ipi ni bora" linakuja baada ya swali la "tiba ipi inafika".

Karatasi yenye siku saba

Aina za tiba ya mazungumzo ni nyingi, na majina yake yanachosha. Inayojulikana zaidi ilianzia Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, kwa daktari wa akili aitwaye Aaron Beck. Alikuwa amefundishwa nadharia iliyotawala wakati ule, kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Akaanza kuchunguza ndoto za wagonjwa akitarajia kuikuta hasira hiyo. Hakuikuta. Alichokuta ni kushindwa, kupoteza, kukataliwa. Akagundua pia kwamba mgonjwa anapozungumza, chini ya maneno anayoyasema kuna mkondo mwingine wa mawazo mafupi, ya haraka, asiyoyatamka: namchosha daktari huyu, ananiona mjinga, hakuna kitakachobadilika. Mawazo hayo mgonjwa hayahoji. Anayachukua kama habari za kweli.

Tiba yake ikajengwa hapo: kuyakamata mawazo hayo, kuyaandika, na kuyachunguza kama unavyochunguza madai ya mtu mwingine yeyote. Wengi hudhani ni kule kuambiwa "fikiria mazuri". Sivyo kabisa. Mtu mwenye sonona ukimwambia afikirie mazuri, unamwongezea kosa jingine la kujilaumu.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa kawaida. Mama wa miaka 38, anauza vitenge Kariakoo. Tangu mwanawe wa pili apate matokeo mabaya ya kidato cha nne, dukani haendi, simu za wateja hazipokei, mchana analala na usiku anakesha. Leo ni kikao chake cha tatu. Mara iliyopita alipewa karatasi yenye siku saba, aandike kila baada ya saa chache alikuwa anafanya nini na moyo ulikuwaje, kuanzia 0 hadi 10.

"Naona umejaza mpaka Jumapili, mama. Asante."

"Nimejaza ovyoovyo tu, dada. Zenyewe zote mbilimbili."

"Hapa Alhamisi jioni kuna tano."

"Ah, hiyo. Nilikwenda kwa wifi kusukwa."

"Ilikuwaje?"

"Hamna kitu. Tulikaa uani tu, watoto wake wakawa wanatuchekesha."

"Ulikuwa umetaka kwenda?"

"Wala. Alikuja mwenyewe akanivuta mkono."

Mnasihi, yaani yule mtaalamu anayezungumza naye, hasemi "si unaona!" Anaiacha karatasi mezani na kumuuliza mama anaona nini mwenyewe. Baadaye kidogo wanafika kwenye neno zito: mwanangu kafeli kwa sababu mimi ni mama mbaya, nimeshinda dukani badala ya kumsimamia. Hapa rafiki angeruka mara moja: usiseme hivyo, wewe ni mama mzuri! Mnasihi anauliza kitu kingine. Yule mkubwa, aliyeko chuo, alilelewa na nani? Mama anakaa kimya. "Na mimi huyuhuyu. Na duka ndilo lililomsomesha." Wanaandika upya lile wazo, na linalotoka si tamu wala si la kujipongeza: mwaka wa mwisho sikumfuatilia vya kutosha na linaniuma, lakini matokeo yale hayakutokana na mimi peke yangu. Kisha wanapanga wiki. Jumatano kwa wifi tena, hamu iwepo isiwepo. Jumamosi afungue duka saa nne hadi saa sita tu. Kuuza si lazima. Kufungua ndiyo kazi.

Ukitazama vizuri utaona mnasihi amefanya mambo mawili tofauti. Amegusa mawazo, na amegusa ratiba. Je, kinachoponya ni kipi? Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliitenganisha tiba ya Beck vipande vipande. Wagonjwa wengine walipata tiba kamili, wengine walipata kile kipande cha kupanga na kufanya shughuli tu, bila kugusa mawazo. Matokeo yakawa sawa. Baadaye, mwaka 2016, jaribio kubwa la Uingereza lenye watu 440 lilionyesha kwamba kipande hicho, kikiendeshwa na wafanyakazi wa ngazi ya chini waliopewa mafunzo mafupi, hakikuzidiwa na tiba kamili iliyotolewa na wataalamu wa saikolojia, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Maelezo yake ni haya. Sonona humwondolea mtu hamu, naye kwa kukosa hamu anaacha shughuli. Akiacha shughuli anakosa vile vitu vidogo vilivyokuwa vikimpa hamu: salamu za wateja, mapato ya siku, kicheko cha uani. Hivyo hamu inazidi kukauka. Kusubiri hamu irudi ndipo uanze ni kama kusubiri moto uwake ndipo utie kuni. Kwa hiyo mgonjwa anaanza na tendo, tena dogo, lililoandikwa siku na saa, na hamu inafuata nyuma ikichelewa. Ndiyo maana yule mama hakuambiwa "jitahidi urudi kazini". Aliambiwa Jumamosi, kwa muda wa saa mbili tu.

Rakai na Masaka

Aina ya pili haianzii kwenye mawazo wala kwenye ratiba. Inaanzia kwa watu. Gerald Klerman na Myrna Weissman waliibuni Marekani miaka ya 1970 kwa kuangalia jambo ambalo bibi zetu wangelisema bila utafiti: sonona mara nyingi huanza pale ambapo kitu kimetokea kati ya mtu na wenzake. Waliyagawa matukio hayo mafungu manne. Msiba. Ugomvi usiokwisha. Mabadiliko ya nafasi yako maishani, kama kuolewa, kuzaa, kuachika, kupoteza kazi, kuugua. Na upweke wa mtu asiye na mahusiano ya kumshika. Mgonjwa na mtaalamu wanachagua fungu moja au mawili, wanayashughulikia hayo kwa wiki kadhaa, na wanaacha mengine.

Mwaka 2002 tiba hiyo ilipelekwa kusini mwa Uganda, Rakai na Masaka, eneo lililokuwa limeumizwa sana na UKIMWI. Watafiti, akiwamo Paul Bolton, hawakuanza na dodoso la Kimarekani. Waliwauliza wanavijiji kwa Kiganda ni shida gani zimewapata tangu gonjwa liingie. Watu wakaeleza hali mbili wanazozijua vizuri, moja ya kujichukia na nyingine ya kujihurumia, na ukiziweka pamoja dalili zake unapata takriban zote zile za kwenye vitabu vya madaktari. Kwa hiyo ugonjwa haukuletwa na wazungu. Ulikuwepo, na wenyewe walikuwa wakiutambua.

Tiba ilifanywa kwa vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Viongozi walikuwa watu wa eneo lilelile, jinsia ileile na wanakikundi, wasio madaktari, waliofundishwa kwa wiki mbili. Vijiji 30 vilihusika, vingine vikipata tiba na vingine vikisubiri. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya walio kwenye vikundi na asilimia 94 ya waliosubiri walikuwa na sonona kamili. Baada ya tiba, waliobaki nayo walikuwa asilimia 6.5 kwenye vikundi na asilimia 54.7 kwa waliosubiri. Walipopimwa tena miezi sita baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo.

Tazama vilevile namba ya waliosubiri. Nao walipungua, tena sana, bila tiba. Sonona hupanda na kushuka yenyewe, na hata kuulizwa tu hali yako na mtu makini kuna faida yake. Ndiyo maana jaribio lisilo na kundi la kulinganisha halina maana, na ndiyo maana ushuhuda wa "mimi nilikunywa kitu fulani nikapona" hautuambii mengi, uwe wa dawa ya hospitali, ya mitishamba au ya maneno.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoibadilisha tiba ili ikae mahali pale. Marekani mtaalamu humsaidia mgonjwa kumkabili mwenzake na kumweleza wazi anachokitaka. Masaka, mke kumkabili mume uso kwa uso kunaweza kuharibu kuliko kutengeneza, kwa hiyo vikundi vilitafuta njia za kuzunguka na za kupitia ndugu. Msomaji wa Pwani halihitaji hilo kuelezwa mara mbili. Kuna kanga ngapi kabatini zilizonunuliwa kwa sababu ya jina lake tu, zivaliwe siku maalumu mbele ya mtu maalumu? Msiba nao ulikuwa na mwiko wake. Marehemu hasemwi vibaya, lakini huzuni ya msiba hukwama hasa pale marehemu anapokuwa ameacha mengine yasiyosemeka, kama deni, ugonjwa aliokuambukiza, au nyumba ndogo iliyojitokeza siku ya arobaini. Swali likalainishwa mpaka likaulizika.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii ya vikundi kwa matumizi ya nchi zote. Uganda yenyewe shirika la StrongMinds limeendelea kuitumia, hasa kwa wanawake.

Mabibi wa Harare

Zimbabwe ilipita njia nyingine. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa ambaye familia yake haikuwa na nauli, dola 15 tu, ya kumfikisha hospitalini kwake. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, waliokuwa tayari wakihudumu kwenye zahanati. Wakafundishwa, wakapewa benchi la mbao chini ya mti nje ya zahanati. Linaitwa benchi la urafiki.

Kinachofanyika pale ni utatuzi wa matatizo kwa utaratibu. Mgonjwa anaorodhesha yanayomsibu yote. Anachagua moja, alichague mwenyewe. Wanalivunja vipande, wanatafuta njia za kulikabili, anachagua njia moja na hatua ya kwanza anayoweza kuichukua kabla ya wiki ijayo. Akirudi wanaangalia ilikwendaje. Vikao ni sita. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililofanyika kwenye zahanati 24 na watu 573, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa na mabibi, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshavuka hadi Malawi na Zanzibar.

Hapa lile swali la mwanzo linarudi kwa nguvu. Kama bibi anatosha, kwa nini bibi yangu mimi hajaniponya?

Kwa sababu bibi yako anakushauri. Anakupenda, ana maoni, ana upande. Ukimwambia mumeo kakuudhi, tayari anamjua mumeo na anamjua mama yake mumeo, na kesho habari zinaweza kuwa zimefika huko. Mazungumzo yenu hayana mwisho wala mpangilio. Leo mtazungumzia ndoa, kesho ada, keshokutwa mtarudia ndoa, na mara nyingi mnazunguka palepale. Kulizungusha jambo lilelile kichwani bila kulifikisha popote ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mazungumzo ya kirafiki yanaweza kuulisha bila mtu kujua. Bibi wa benchini amefundishwa kuuma ulimi. Anaulizia, anaandika, anafuata hatua, anasimamiwa na mtu aliye juu yake, na siri haitoki. Ukiwajua mabibi, utakubali kwamba kumfundisha bibi asitoe ushauri ni kazi kubwa kuliko kumfundisha saikolojia.

Shehe na mchungaji wana nafasi yao, na sioni sababu ya kuwaweka kwenye ushindani. Mwenye sonona aliyezoea kuswali jamaa na kuacha, kumrudisha msikitini inaweza kuwa ndiyo shughuli ya kwanza kwenye ile karatasi ya siku saba. Tatizo linakuja pale anapoambiwa ugonjwa wake ni upungufu wa imani, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo sonona ilikuwa tayari inamnong'oneza. Na akiambiwa aache dawa za hospitali ili imani yake ionekane, hapo hatari si ya kinadharia tena.

Nini hasa kinaponya?

Kwa miongo kadhaa wataalamu wamegombana kuhusu tiba ipi inashinda. Mholanzi Pim Cuijpers ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya majaribio yote na kuyapiga hesabu pamoja, na jibu linalojitokeza kila mara linawakera wenye shule zao: zinakaribia kulingana. Ya Beck, ya shughuli, ya mahusiano, ya utatuzi wa matatizo, tofauti kati yake ni ndogo.

Wapo wanaosema basi kinachoponya ni uhusiano, kwamba mtu anakusikiliza kwa heshima. Naona hilo ni nusu ya jibu. Tiba hizi zinazofanya kazi zinafanana kwa mambo mengine pia: zinampa mgonjwa maelezo ya kwa nini yuko alivyo, zinamtaka afanye kitu kati ya kikao na kikao, na zinapima kama anaendelea. Usikilizaji mtupu, usio na lolote kati ya hayo, ni wa thamani, lakini ndio huohuo ulionao kwa shoga yako.

Na isidhaniwe kwamba namba za Rakai ndizo za kila mahali. Cuijpers na wenzake, katika hesabu waliyoichapisha mwaka 2021, walikuta kwamba wanaopata nafuu kubwa, yaani dalili kupungua kwa nusu, ni takriban asilimia 41 ya waliopewa tiba ya mazungumzo, dhidi ya asilimia 17 ya waliopata huduma ya kawaida tu. Ni zaidi ya mara mbili, lakini bado ni chini ya nusu. Isitoshe, majaribio yaliyoshindwa huchapishwa kwa nadra kuliko yaliyofaulu, kwa hiyo picha halisi huenda ni ya chini zaidi. Nairobi nako mpango wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani, ulioendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, ulileta nafuu ya wastani. Nafuu ya wastani kwa vikao vitano na mhudumu wa mtaani si haba, lakini mtu akikuahidi muujiza, kimbia.

Dawa je?

Kwa sonona nyepesi, miongozo ya kimataifa haishauri kuanza na vidonge. Mazungumzo ndiyo ya kwanza. Kwa sonona ya kati hadi kali, dawa na mazungumzo kwa pamoja hushinda kimojawapo peke yake. Dawa huchukua wiki kadhaa, nne hadi sita kwa kawaida, kufikia nguvu yake, na wengi hukata tamaa wiki ya pili. Faida moja ya mazungumzo ni kwamba ujuzi unabaki na mtu baada ya vikao kwisha, wakati kinga ya dawa mara nyingi huisha dawa inapokoma. Na dawa zisiachwe ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo na daktari.

Yapo mazingira ambayo mazungumzo peke yake hayatoshi na kuyang'ang'ania ni makosa. Mtu aliyeacha kula na kunywa. Mtu anayesikia sauti au anayeamini mambo yasiyokuwepo. Mtu ambaye, mbali na vipindi vya giza, huwa na vipindi vya kinyume chake: hasinzii na wala hachoki, anatumia hela ovyo, ana mipango mia, maneno hayakatiki. Huyo wa mwisho huenda ana ugonjwa mwingine, na dawa ya sonona akipewa peke yake inaweza kumpandisha vibaya. Kabla ya yote daktari aangalie pia tezi ya shingo, damu, na dawa nyingine anazotumia mgonjwa, kwa sababu upungufu wa damu na kulegea kwa tezi hujifanya sonona.

Ukienda kumtafuta mtu

Hospitali za magonjwa ya akili zinajulikana: Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, Butabika Kampala. Kwa sonona ya kawaida huhitaji kuanzia huko. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha afya ya akili, na kliniki za wajawazito au za wanaoishi na VVU mara nyingi zina mnasihi ambaye unaweza kuzungumza naye bila foleni nyingine.

Neno "mshauri nasaha" mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni, kwa hiyo uliza. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowahusu wanasihi na wanasaikolojia. Uliza kama amesajiliwa. Popote ulipo, uliza anatumia tiba gani, vikao vingapi, na atajuaje kama unapata nafuu. Asiyeweza kujibu hilo la mwisho hana mpango. Vikao kwa kawaida ni kimoja kwa wiki, dakika 45 hadi 60, nane hadi kumi na sita. Lipo dodoso la maswali tisa, lenye tafsiri ya Kiswahili, linalotoa alama 0 hadi 27. Likijazwa mwanzo na kurudiwa kila baada ya wiki chache, wote wawili mnaona kama alama zinashuka. Zisiposhuka baada ya vikao vitano au sita, sema. Kubadili njia au mtu si utovu wa adabu, na mtaalamu mwenye akili atakuwa ameshaliona.

Anayekuhubiria, anayekusimulia ndoa yake, anayekuamuru umwache mumeo au umrudie, anayetoa siri ya mgonjwa mwingine ili kukutia moyo (kesho atatoa yako), huyo usimrudie. Anayekugusa au kukutongoza, mshitaki.

Kikao cha kwanza utaulizwa kama umewahi kufikiria kujiua. Wengi hushtuka, wengine hudanganya kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi: sheria za kikoloni zilifanya jaribio la kujiua kuwa jinai, ingawa Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Mnasihi hakuulizi ili akupeleke kituoni. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Anayelo huwa anapata nafuu kulisema. Ukijibu ndiyo, atataka kujua kama una mpango na kama una kitu cha kutumia, kisha mtapanga pamoja nani atakaa na wewe, vidonge au sumu ya shambani vitahifadhiwa na nani, na utampigia nani usiku. Na kama usiku huo ni leo, usisubiri miadi: mwite mtu wa karibu, muende hospitali yoyote yenye daktari wa zamu. Kenya namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.